Mwalimu Aliyebadili Taifa kwa Ajili ya Nyumba Yake: Maisha ya Lafcadio Hearn

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekaa ugenini, katika nchi ya Japani, miaka kumi na minne, tangu mwaka wa 1890 hata alipofariki mwaka wa 1904. Hakuwa mchungaji wala mmisionari. Tena, kama mtakavyoona, kazi ya wamisionari hakuipenda. Lakini maisha yake yana mambo ambayo sisi tulio waalimu, na sisi tulio baba wa nyumba, twafaa kuyatazama kwa utulivu. Maana mtu huyu alijua tangu utoto wake hasara inayoletwa na ndoa isiyo na hati iliyo kamili, na alipokuwa mtu mzima alitoa taifa lake na jina lake ili hasara ile isiwapate watoto wake.

Utoto wake

Lafcadio Hearn alizaliwa tarehe 27 Juni mwaka wa 1850 katika kisiwa cha Lefkada, upande wa magharibi wa Ugiriki. Siku zile visiwa vya upande ule vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Baba yake, Charles Hearn, alikuwa mtu wa Ayalandi, tabibu katika jeshi la Waingereza. Mama yake, Rosa, alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kythera. Mtoto akaitwa Patrick Lafcadio, na hilo jina la pili likatokana na jina la kisiwa alichozaliwa.

Mtoto alipokuwa na miaka miwili, mama yake akamchukua mpaka Dublin, kwao baba, naye baba mwenyewe yuko mbali na jeshi lake. Rosa hakujua Kiingereza, baridi ilimwumiza, na desturi za wakwe zake zilikuwa ngeni kwake. Mwaka wa 1854 akarudi kwao Ugiriki. Lafcadio alikuwa na miaka minne, wala hakumwona mama yake tena mpaka kufa. Kisha baba akaomba ndoa ile ihesabiwe kuwa si ndoa, kwa sababu sahihi ya Rosa haikuwamo katika hati. Akakubaliwa. Akaoa mke mwingine, akaenda naye Bara Hindi, na mwaka wa 1866 akafa kwa homa safarini, karibu na Suez. Basi kwa ajili ya sahihi moja iliyokosekana, mtoto akapoteza mama, na kwa jinsi nyingine akapoteza baba pia.

Aliyemlea ni bibi mmoja mjane, tajiri, ndugu wa kike wa bibi yake mzaa baba. Alikuwa mtu wa Kanisa la Roma, mwenye kushika sana dini yake. Mtoto aliogopa giza, kwa maana alidhani aona mizimu; na ili aondolewe hofu hiyo, alilazwa peke yake chumbani bila taa, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Hofu haikuondoka. Baadaye akapelekwa shule ya Ushaw, karibu na mji wa Durham huko Uingereza. Huko, mwaka wa 1866, alipokuwa akicheza na wenzake, aliumizwa jicho la kushoto, likapofuka. Jicho la kulia lilikuwa na nguvu ndogo, na kwa kutumiwa mno likavimba likawa kubwa. Tangu siku ile alijiona kuwa mtu mwenye sura mbaya. Picha zake karibu zote zamwonyesha amegeuza uso au ameinamisha kichwa, ili jicho lile lisionekane.

Haukupita muda, mali ya yule bibi ikapotea kwa biashara ya mtu mwingine. Kijana akatolewa shuleni, akakaa London katika umaskini, na mwaka wa 1869, akiwa na miaka kumi na tisa, akapelekwa Marekani kujitafutia maisha.

Miaka ya Marekani

Alifika mji wa Cincinnati hana fedha wala ndugu wa kumtegemea. Mzee mmoja Mwingereza, mpiga chapa, jina lake Henry Watkin, akamhurumia, akampa kazi ndogondogo na mahali pa kulala juu ya vipande vya karatasi katika kiwanda chake. Baadaye Hearn akawa mwandishi wa magazeti, akajulikana sana kwa kalamu yake.

Mwaka wa 1874 alimwoa Alethea Foley, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani. Sheria ya jimbo la Ohio wakati ule ilikataza mtu mweupe na mtu mweusi kuoana. Mwaka uliofuata gazeti lake likamfukuza kwa ajili ya ndoa hiyo. Hakukaa na mkewe siku nyingi. Palikuwa na ugomvi, na mwaka wa 1877 akaondoka kwenda New Orleans, akamwacha. Hatutaki kulificha jambo hili wala kulipamba. Mwanamke yule aliachwa bila haki yo yote, kwa kuwa mbele ya sheria hakuwa mke. Na yeye Hearn, aliyekuwa mtoto wa mama aliyekataliwa kwa ajili ya hati, sasa alikuwa mume wa mke asiyetambuliwa na hati.

New Orleans alikaa miaka kumi, kisha akakaa karibu miaka miwili katika kisiwa cha Martinique, akiandika habari za watu wa huko, nyimbo zao, vyakula vyao na hadithi zao. Baada ya hayo akapata safari ya kwenda Japani.

Kufika kwake Japani

Alishuka bandari ya Yokohama tarehe 4 Aprili mwaka wa 1890, naye ana miaka karibu arobaini. Alitumwa na wachapaji wa Marekani ili aandike makala, lakini mara akagombana nao kwa habari ya malipo, akavunja mapatano. Basi akawa mgeni asiye na kazi katika nchi asiyojua lugha yake. Ndipo Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, akamsaidia kupata kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, upande wa magharibi wa nchi, mbali na bandari za wageni. Alifika huko mwisho wa mwezi wa Agosti. Mshahara wake ulikuwa yen 100 kwa mwezi.

Matsue ni mji wa zamani, kando ya ziwa liitwalo Shinji, na ngome yake ya mbao ipo juu ya kilima. Hearn aliandika kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia alfajiri katika mji ule ilikuwa sauti ya mchi mkubwa ukitwanga mpunga. Sisi tuliolelewa karibu na kinu na mchi twafahamu mara moja aliyoyasikia, ingawa nchi ile ni mbali sana na kwetu.

Tangu mwanzo alikaa kama watu wa mji. Alivua viatu mlangoni, akaketi juu ya mkeka, akavaa kanzu ya Kijapani alipotoka shuleni. Chakula chao akala, ingawa baadaye mwili wake ulishindwa, akarudia nyama na mkate. Jioni alitembea kwa miguu katika njia za mji, akisimama penye hekalu, penye makaburi na penye vibanda vya wachuuzi, akiuliza jina la kila kitu.

Kazi yake shuleni

Alifundisha katika shule mbili, shule ya kati ya wavulana na shule ya waalimu. Hakujua Kijapani, nao wanafunzi walijua Kiingereza kidogo tu. Aliyekuwa daraja kati yao ni mwalimu Nishida Sentaro, mtu mwenye elimu na mwili dhaifu, akawa rafiki yake mpaka kufa kwake.

Jambo tulionalo la thamani katika ufundishaji wake ni hili. Alipowapa wavulana kazi ya kuandika insha, hakuwataka waandike habari za Uingereza wasizozijua. Aliwapa habari za kwao: mwezi, wadudu, mizimu, maua na milima ya nchi yao. Wao wakaandika kwa Kiingereza chenye makosa mengi, naye akayasahihisha makosa ya lugha, lakini mawazo yao hakuyacheka. Aliyasoma kama mtu anayefundishwa. Mwalimu akajifunza kwa wanafunzi, na wanafunzi wakaona kwamba mambo ya baba zao yaweza kusemwa katika lugha ya wageni bila aibu. Mambo hayo ya shuleni aliyaandika katika kitabu chake kikubwa cha kwanza juu ya Japani, kilichotoka mwaka wa 1894.

Katika kitabu hicho asimulia habari za kijana mmoja aliyeitwa Yokogi, mtoto wa seremala maskini, aliyekuwa hodari kuliko wengi darasani. Mtu mmoja tajiri alimlipia ada. Lakini kijana akasoma kupita nguvu zake, akaugua. Alipojua kwamba atakufa, aliomba aione shule tena mara moja. Mtumishi mzee wa nyumba akambeba mgongoni usiku, akampeleka hata kwenye jengo, na kijana akatazama madirisha ya darasa lake, kisha akarudishwa nyumbani. Hearn alikwenda mazikoni pamoja na wanafunzi wote. Ye yote miongoni mwetu aliyepata kumzika mwanafunzi wake ajua kwamba siku hiyo mwalimu hukoma kuwa mgeni.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1891 alihamia Kumamoto, kusini, kwa sababu baridi ya Matsue ilimwumiza kifua, tena mshahara wa huko ulikuwa yen 200. Mkuu wa shule alikuwa Kano Jigoro, yule aliyeanzisha mchezo wa judo. Wanafunzi wa Kumamoto walikuwa watu wazima zaidi, wakimya, wasioonyesha mioyo yao. Siku moja Hearn aliwaandikia swali, ni jambo gani ambalo mtu hulikumbuka kwa muda mrefu kuliko yote. Mmoja akaandika habari za kifo cha mama yake siku ya baridi, alipokuwa na miaka minne. Kumbukeni, wasomaji, kwamba yeye mwalimu aliyeisoma karatasi ile alimpoteza mama yake akiwa na umri ule ule.

Mke wake na nyumba yake

Sasa twarudi nyuma kidogo, mpaka Matsue. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1891, Hearn alipougua, alihitaji mtu wa kumtunza, na marafiki wakamletea Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa mashujaa wa zamani waliofukarika baada ya utawala wa zamani kuondolewa. Setsu alizaliwa mwaka wa 1868. Alitolewa akalelewa na jamaa wengine tangu uchanga, akaacha shule mapema kwa umaskini, akafuma nguo ili awalishe wazee, na mume wake wa kwanza alimkimbia. Basi walikutana watu wawili waliopata kuachwa. Wakawa mume na mke kwa desturi ya nchi, lakini ndoa haikuandikwa serikalini.

Setsu baadaye aliandika kumbukumbu zake, na kwazo twajua mambo mengi ya nyumba ile. Asimulia kwamba siku za mwanzo watoto walikuwa wakimtosa paka mdogo ziwani. Setsu akamwombea, akamleta nyumbani, na Hearn akamtia yule paka kifuani mwake, amelowa hivyo hivyo, ili ampashe moto. Pia katika nyumba yao ya pili, karibu na ngome, bustanini palikuwa na vyura, na nyoka alikuja kuwala. Hearn hakumwua nyoka; alimpa chakula cha sahani yake mwenyewe ili ashibe asiwale vyura. Tena kabla ya hapo, alipokaa nyumba ya wageni, msichana mmoja wa nyumba ile aliugua macho. Hearn alimsihi mwenye nyumba ampeleke kwa tabibu. Mwenye nyumba akakubali kwa maneno tu, asitende. Hearn akakasirika, akahama, na fedha ya matibabu akaitoa mwenyewe. Mtu aliyepofuka jicho moja hakuweza kuvumilia kuona macho ya mtoto yakiachwa yaharibike.

Mume hakujua Kijapani vema, wala mke hakujua Kiingereza. Setsu alijaribu kujifunza, akayaandika maneno ya Kiingereza katika daftari kwa herufi za kwao, lakini mwishowe walijifanyia lugha yao wenyewe, Kijapani kisicho na viungo vya sarufi, ambacho watu wengine walishindwa kukifuata. Kwa lugha hiyo walikaa miaka kumi na mitatu, wakalea watoto wanne na kutunga vitabu. Mzaliwa wa kwanza, Kazuo, alizaliwa Kumamoto mwezi wa Novemba mwaka wa 1893.

Shauri la hati

Kuzaliwa kwa Kazuo kukaleta hofu mpya. Hearn alikuwa raia wa Uingereza, na ndoa yake haikuandikwa. Akifa, sheria ingewatambua ndugu zake wa Ulaya wasiomjali, wala si Setsu na mtoto. Na kama angeiandika ndoa kwa njia ya Kiingereza, Setsu angekuwa raia wa Uingereza, akaingia katika hali ya wageni, ambao wakati ule hawakuruhusiwa kumiliki ardhi katika Japani. Wazazi waliomzaa Setsu na wale waliomlea walikuwa wakimtegemea, nao wangefanyaje?

Njia ilikuwa moja tu, yeye mwenyewe awe Mjapani. Lakini njia hiyo ilikuwa na gharama. Serikali ya Japani iliwalipa wageni mshahara mkubwa kuliko wenyeji, na mtu akibadili uraia aweza kuambiwa apokee mshahara wa mwenyeji. Tena akipata shida, hakuna balozi wa Uingereza atakayemsemea. Na Wazungu wengi waliokaa bandarini walimdharau mtu wa kwao aliyejifanya mtu wa nchi. Mwaka wa 1894 alikuwa ameacha kazi ya serikali akahamia Kobe kuandika gazetini, na macho yakamwuma hata akalazimika kuacha kalamu. Aliamua jambo hili akiwa hana kazi ya kudumu.

Mwanzo wa mwaka wa 1896 mambo yalikamilika. Hearn aliingizwa katika ukoo wa mkewe, akaandikwa Koizumi Yakumo. Koizumi maana yake ni chemchemi ndogo. Na Yakumo, mawingu manane, ni neno la ushairi wa kale linalotumika kwa nchi ya Izumo, ambamo mji wa Matsue umo. Kwa desturi yetu na ya watu wengi mke huchukua jina la mume. Hapa mume alichukua jina la mke. Twadhani alipoandika jina lile alimkumbuka Rosa, ambaye sahihi yake haikuwamo, na pengine yule Alethea wa Ohio. Kosa la baba yake, na kosa lake mwenyewe, hakutaka litendeke mara ya tatu.

Tokyo

Mwaka ule ule aliitwa Chuo Kikuu cha Tokyo afundishe fasihi ya Kiingereza, kwa yen 400 kwa mwezi. Mshahara wake haukupunguzwa, hata ingawa sasa alikuwa Mjapani. Alifundisha huko karibu miaka saba. Alisema polepole, kwa maneno mepesi, ili wanafunzi waweze kuandika kila neno. Akawaeleza washairi wa Kiingereza kwa kuonyesha kwanza huzuni au furaha iliyomfanya mtu atunge, ndipo baadaye kanuni. Yeye hakuyachapisha masomo hayo. Yalichapishwa baada ya kufa kwake, tangu mwaka wa 1915, kutoka katika madaftari ya wanafunzi wake. Si waalimu wengi ambao madaftari ya wanafunzi wao yangetosha kufanya kitabu.

Nyumbani alikuwa na meza ya kuandikia iliyo ndefu kwenda juu, kwa maana alipoandika jicho lake lilikaribia kugusa karatasi. Alichukua darubini ndogo ya kutazamia mbali, na kioo cha kukuzia. Alikusanya viko vingi vya tumbaku, na moto ulipozimika alipuliza kombe kubwa la baharini kama baragumu, na watu wa nyumbani wakacheka wakaleta moto. Alifuga nyenje mdogo katika kizimba kidogo, akimlisha tango na biringani, ili amsikilize usiku. Siku chache mtumishi alipomsahau, nyenje akafa kwa njaa, na Hearn akaandika habari ya kifo kile kwa majuto, akijilaumu mwenyewe.

Kila asubuhi alimfundisha Kazuo Kiingereza kabla ya kwenda kazini, akimwandikia herufi kubwa juu ya magazeti makuukuu. Alikuwa mkali, na mtoto alilia mara nyingi. Kazuo mwenyewe aliyaeleza hayo alipokuwa mtu mzima. Lakini katika likizo za kiangazi walikwenda Yaizu, kijiji cha wavuvi, wakakaa ghorofani katika nyumba ya muuza samaki. Huko Hearn aliogelea baharini mchana na usiku, akawa kama kijana tena.

Na vitabu vyake vilitungwaje? Setsu alizunguka maduka ya vitabu vikuukuu akitafuta hadithi za kale. Usiku, taa imepunguzwa, alimsimulia mumewe. Hearn hakutaka amsomee kitabu. Alitaka asimulie kwa maneno yake mwenyewe, kwa kadiri alivyoisikia hadithi moyoni. Alipofika mahali pa kutisha, uso wa mumewe ulibadilika rangi, akamwomba arudie, na kuuliza sauti ilikuwaje, na usiku ulikuwaje. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kitabu kiitwacho Kwaidan, cha mwaka wa 1904, chenye hadithi ya Hoichi, mpiga kinanda kipofu. Jina lililoandikwa juu ya kitabu ni la mume, lakini mdomo uliosimulia ni wa mke. Na mtoto yule aliyefungiwa gizani akiogopa mizimu ya Dublin, sasa aliketi gizani kwa hiari, kwa kuwa palikuwa na mtu pamoja naye.

Kuondolewa kwake na kufa kwake

Mwanzo wa mwaka wa 1903 chuo kikamwandikia kwamba mapatano yake hayatafanywa tena. Kazi za wageni zilikuwa zikitolewa kwa Wajapani waliosoma Ulaya, na yeye, aliyeacha taifa lake awe Mjapani, aliondolewa pamoja na wageni. Wanafunzi walikusanyika kumtetea. Wakuu wakampa shauri la kufundisha saa chache kwa mshahara mdogo. Akakataa, moyo umemwuma sana. Aliyeshika sehemu ya kazi yake alikuwa Natsume Soseki, ambaye baadaye akawa mmoja wa waandishi wakuu wa Japani. Mwaka uliofuata Hearn alipata kazi katika chuo cha Waseda, akapokewa kwa heshima, lakini siku zake zilikuwa chache.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1904 moyo ulimshika kwa maumivu. Alimwambia Setsu kwa utulivu kwamba akifa asilie. Anunue chungu kidogo cha senti chache, atie mifupa yake, aizike penye hekalu dogo mahali pa upweke, na acheze karata na watoto. Tarehe 26 ya mwezi ule, baada ya chakula cha jioni, maumivu yakarudi. Akalala, akafa bila kelele, umri wake miaka hamsini na minne. Alizikwa kwa desturi ya Kibuddha katika makaburi ya Zoshigaya, mjini Tokyo. Mtoto wa mwisho, Suzuko, alikuwa na mwaka mmoja.

Na ile hati? Ilifanya kazi yake. Setsu na watoto wanne walikaa katika nyumba yao ya Okubo, wala hapakutokea mtu wa kuwatoa. Setsu aliishi mpaka mwaka wa 1932. Nyumba ya Matsue, yenye bustani ya vyura, imehifadhiwa hata leo, na watu huenda kuitazama.

Tuliyoyaona sisi

Tumesema kwamba mtu huyu hakupenda kazi ya wamisionari. Aliandika kwamba wanaharibu heshima ya watu kwa wazee wao waliokufa, na imani ya Kanisa aliiacha tangu ujana. Hatukubaliani naye, wala hatuwezi kumfanya awe mtu wa upande wetu kwa sababu amekwisha kufa. Lakini twajiuliza kama maneno yake yote yalikuwa ya uadui tu. Alifundishwa dini katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Mtoto anayefundishwa hivyo hukumbuka giza na ufunguo, na somo lenyewe husahau. Waalimu wa shule zetu za Jumapili na wajifikirie.

Tena twaona kwamba alifundisha vema kwa sababu alisikiliza kwanza. Alifika Matsue na lugha kubwa ya ulimwengu mkononi, lakini aliwauliza wavulana wamweleze mwezi wa kwao na wadudu wa kwao.

Na mwisho, habari ya hati. Katika sharika zetu wapo wengi wanaokaa na wake zao miaka mingi kwa upendo wa kweli, ila kuandikisha ndoa wanaahirisha, kesho na kesho kutwa, kwa kuwa gharama ni kubwa au kwa kuwa waona haina haraka. Baadaye mume afa, na ndugu zake waja na kuhesabu mabati. Sisi wachungaji tumewaona wajane hao wakisimama nje ya nyumba walizozijenga wao wenyewe. Lafcadio Hearn aliona kwa jicho moja tu, tena bovu, lakini jambo hili aliliona mapema, akalimaliza angali hai.